Baridi ya Dodoma: Adui ni jezi iliyoloa

SAA 10 jioni mwezi Juni, jua la Dodoma linapiga majukwaa ya Uwanja wa Jamhuri utadhani ni Oktoba. Mashabiki wako na fulana tu, wauza maji wanapiga hela, na sabu kwenye benchi wamevua mpaka treki. Filimbi ya mwisho inapolia, jua limelala na upepo wa kusini mashariki umeshika kasi. Yule shabiki aliyekuwa anajipepea na gazeti sasa anajikunyata nyuma ya mwenzake mnene.

Huo ndio mtego wa Dodoma. Mbeya, Iringa na Njombe kuna baridi kali zaidi, lakini kule baridi haijifichi. Timu inayokwenda Uwanja wa Sokoine mwezi Julai inajua inakwenda kwenye friji, inabeba masweta. Inayokuja makao makuu inaangalia jua la mchana, nyuzi joto 26 au 27, inasema hapa freshi tu. Usiku kipimo hicho hicho kinashuka hadi nyuzi 13 au 14, na alfajiri, muda ambao vijana wengi wanapiga tizi, ndiyo kunakuwa na baridi kuliko saa zote.

Sababu iko wazi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua hakuna, mawingu ni haba na hewa ni kavu. Ardhi iliyopata joto mchana inalirudisha angani usiku bila kitu cha kulizuia. Dar es Salaam hewa ina unyevu, bahari iko jirani, joto linakaa. Ndiyo maana kijana aliyekulia Temeke akipangiwa shule Dodoma, kitu cha kwanza anachoomba nyumbani ni blanketi.

Zamani ligi ilikuwa inaukwepa msimu huu kwa kiasi kikubwa. Siku hizi kalenda inasogea, na msimu wa 2024/25 ulikwenda mpaka Juni 2025. Juu ya hapo Julai ni mwezi wa maandalizi ya msimu mpya, mashindano ya shule yanachezwa katikati ya mwaka, na ndondo za mitaani hazijui kipupwe. Kwa hiyo swali la mchezaji avae nini kwenye baridi ya kanda ya kati ni swali la mpira kabisa, ingawa klabu nyingi zinalichukulia kama suala la mama mwenye nyumba.

MTUNGI NDANI YA JEZI

Kila nyumba ya kanda ya kati iliyowahi kukaa bila umeme inajua kazi ya mtungi wa udongo. Maji yanapenya taratibu kwenye kuta zake, upepo mkavu unayakausha kwa nje, na yale ya ndani yanabaki baridi. Kukauka kwa maji kunachukua joto. Hakuna uchawi.

Sasa mvalishe winga fulana ya pamba chini ya jezi, mkimbize dakika 45, halafu muweke kwenye benchi. Fulana imelowa jasho. Upepo mkavu wa Dodoma unapita, unakausha, na joto linalotumika kukausha linatoka mwilini kwake. Mchezaji amegeuka mtungi. Zaidi ya hapo, maji yanasafirisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa na kugandamana na ngozi inamnyonya mtu huku yeye akidhani imemfunika.

Wengi hapa ndipo wanapokosea. Wanaiona baridi kama kitu kinachotoka nje kuja mwilini, wanatafuta nguo nzito. Kumbe kwa mchezaji shida inaanzia ndani, kwenye jasho lake mwenyewe. Sweta zito la pamba alfajiri linamtoa jasho kwenye dakika ya 15, na kuanzia hapo amebeba ndoo ya maji mabegani.

WENZETU WA MAJINI

Kuna watu duniani wamelazimika kuipatia jibu hesabu hii kwa sababu wakikosea wanakufa. Ni wale wanaopiga kasia wakiwa wamesimama juu ya ubao, kwenye maziwa na bahari za nchi za baridi kama Norway, Uingereza na Kanada, tena wakati wa majira ya baridi. Ukidondoka kwenye maji ya nyuzi 6, sekunde za kwanza unahema bila kujizuia, dakika chache baadaye mikono haishiki tena. Kwenye Bwawa la Hombolo au Mtera hakuna anayehitaji vazi lao, ila namna wanavyolichagua inamfaa sana mtu wa mpira.

Vazi lenyewe ni suti nzima isiyopitisha maji, yenye zipu inayoziba kabisa na mipira laini inayobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Ukiisikia unadhani ni nzito kama godoro. Hapana, nyingi ni nyepesi na zenyewe hazitoi joto lolote la maana. Kazi ya suti ni moja, kumweka mtu mkavu. Joto linatoka kwenye nguo anazovaa ndani: ya kwanza ya kunyonya jasho kutoka kwenye ngozi, ya pili ya manyoya ya kushika hewa ya moto. Anayenunua suti ya bei mbaya halafu akavaa fulana ya pamba ndani, ametupa hela.

Suti nzuri zina kitu kingine: kitambaa chake kinazuia tone la maji kuingia lakini kinaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Za bei rahisi hazifanyi hivyo. Mtu anarudi nchi kavu hajaguswa na maji ya ziwa, ila ndani amelowa chapachapa kwa jasho lake.

Na wana kanuni yao ya kwanza, ambayo kila kocha wa Dodoma angeipenda. Wanavaa kufuata joto la maji, siyo joto la hewa. Siku inaweza kuwa na jua la nyuzi 18, watu ufukweni wako na fulana, na mpiga kasia akaonekana kichaa ndani ya suti yake. Yeye hajavaa kwa ajili ya muda atakaokuwa amesimama juu ya ubao. Amevaa kwa ajili ya dakika atakayodondoka.

Ilete hiyo Jamhuri. Anayekimbia hasikii baridi. Baridi inampata anapotolewa dakika ya 60, anapokaa kusikiliza maneno ya kocha baada ya mechi, anapopanda bodaboda kurudi Nkuhungu na jezi iliyolowa. Nguo ya baridi ya mwanasoka inachaguliwa kwa ajili ya dakika atakayosimama.

ANUNUE NINI?

Aanze na ya ndani. Ni ile nguo ya kubana ya mikono mirefu ambayo vijana wanaiita skintaiti, ya polista yenye mvuto. Haina haja ya kuwa nene. Inatakiwa ikae kwenye ngozi bila kuacha nafasi, kwa sababu kazi yake ni kulipokea jasho na kulisambaza lipotee haraka. Ikining'inia haifanyi kazi. Kipimo cha sokoni ni rahisi: dondoshea tone la maji upande wa ndani. Likitawanyika upesi na kitambaa kikakaribia kukauka ukikipeperusha kidogo, chukua. Likikaa palepale na kuacha alama nzito inayodumu, hiyo ina pamba nyingi, iache hata kama ina nembo ya klabu kubwa ya Ulaya.

Ya katikati ni kwa wanaosimama, siyo kwa wanaokimbia. Sweta jepesi la manyoya la zipu ndefu linatosha. Zipu ina maana hapa, kwani mchezaji anaweza kujifungua kidogo anapoanza kupasha badala ya kusubiri alowe ndiyo avue.

Ya nje ndiyo inayowapoteza watu wengi. Mzazi anaingia dukani, anauliza koti la baridi la mwanawe anayecheza mpira, anapewa koti la mvua la nailoni. Juni Dodoma kuna mvua gani? Koti hilo linazuia upepo, sawa, lakini linafungia jasho ndani kama mfuko wa plastiki, na kijana anatoka mazoezini ameiva kama muhogo wa kuchemsha. Hadithi ni ile ile ya suti rahisi za wapiga kasia. Kinachotakiwa ni kikoti chepesi cha kuzuia upepo chenye matundu ya kupumulia kwapani au mgongoni. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize: hewa ikipita yote, upepo wa Dodoma nao utapita. Ikigoma kabisa, jasho halitatoka. Kinachotakiwa ni kile kinachopitisha kwa shida.

Habari njema ni kwamba vitu hivi vimejaa kwenye mitumba. Nguo za kukimbilia, za baiskeli na za kupandia milima kutoka Ulaya zinaingia kwenye marobota, na kwa kuwa wanunuzi wengi wanatafuta majaketi mazito ya kung'aa, vile vikoti vyepesi vinabaki chini ya lundo. Wajanja wanavijua. Ukiwa Machinga Complex pale Bahi Road au kwenye mnada wowote wa nguo, inama, chambua. Angalia zipu kwanza, maana koti zuri lenye zipu mbovu ni kitambaa tu. Kisha geuza ndani: kama utando wa ndani umeanza kubanduka na kutoa unga mweupe, limeshakufa.

Nguo za sufu halisi nazo zinapatikana mara mojamoja, na ni nzuri kuliko wengi wanavyofikiri, maana sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevu. Kasoro yake ni kuwasha na kuchelewa kukauka. Kwa kipa sawa, kwa beki wa pembeni anayepanda na kushuka hapana.

KIPA NA WA BENCHI

Kama bajeti ya timu ni ndogo, na timu nyingi ni hivyo, hela ya nguo za baridi isigawanywe sawa kwa sawa. Kiungo anaweza kumaliza mechi na skintaiti peke yake. Wa kupewa kwanza ni kipa, kisha sabu, kisha wale watoto wanaookota mipira, ambao wanasimama dakika 90 na hakuna anayewakumbuka.

Kipa wa timu inayoshambulia muda wote anaweza kukaa dakika 20 bila kugusa mpira, halafu likaja shuti moja la kuruka. Misuli iliyopoa haifiki. Sheria inamruhusu kuvaa suruali ya treki, na hakuna aliyeitumia ruhusa hiyo kwa ukaidi kama Gábor Király wa Hungary, aliyedaka Euro 2016 akiwa na miaka 40 na suruali yake ya kijivu iliyoonekana kama ya kulalia. Watu walicheka. Yeye alikuwa na joto.

Kuhusu misuli kupoa, kazi inayotajwa sana ni ya watafiti wa Denmark iliyotoka mwaka 2004. Walipima joto la misuli ya paja ya wachezaji na kukuta kwamba wakikaa tu mapumziko, joto hilo linashuka kama nyuzi mbili, na kasi yao ya kukimbia mwanzoni mwa kipindi cha pili inashuka nalo. Wale waliokimbia taratibu dakika kama saba kabla ya kurudi uwanjani walibaki na kasi yao. Hii ilikuwa kwa watu waliokaa ndani ya chumba. Sabu wa timu ya daraja la pili anayekaa kwenye benchi la wazi, upepo wa Dodoma ukimpiga mgongoni, hana hata chumba.

Hivyo sabu akae na vitu vitatu juu ya mwili, avue dakika mbili kabla ya kuingia. Siyo avue anapoanza kupasha, ambalo ndilo kosa la kila wiki. Na mapumziko yakifika, kitu cha kwanza kwenye chumba cha kubadilishia kiwe kuvua fulana za ndani zilizolowa na kuvaa kavu, maneno ya kocha yafuate. Fulana ya pili kwenye begi ni kinga rahisi kuliko dawa yoyote.

Ukitaja dawa, ule mtindo wa kujipaka dawa ya misuli inayochoma miguu mizima kabla ya mechi haupashi misuli. Unawasha ngozi, mchezaji anahisi moto, anapunguza kupasha, halafu anachanika nyuma ya paja kwenye mbio ya kwanza. Mafuta ya mgando nayo yanasaidia midomo na ngozi isipasuke kwa upepo, basi, yaishie hapo.

MWAMUZI NAYE ANA MACHO

Kabla ya kununua, kijana asome Sheria ya 4 ya mchezo. Skintaiti ya mikono mirefu lazima iwe na rangi moja na rangi kuu ya mkono wa jezi. Taiti ya chini iwe na rangi kuu ya bukta au ya pindo lake, na wachezaji wa timu moja wanaovaa taiti wavae rangi moja. Timu yenye bukta nyeupe ambayo wachezaji wake wamekuja na taiti nyeusi, bluu na kijani itavuliwa taiti zote mlangoni, wakati mpinzani anapasha moto. Kwenye ndondo waamuzi wengi wanafumba macho, lakini kwenye mashindano rasmi usitegemee.

Glovu kwa wachezaji wa ndani zinaruhusiwa. Kile kitambaa cha kuvaa shingoni ambacho mastaa wa Uingereza walikifanya fasheni hakiruhusiwi, kilipigwa marufuku mwaka 2011. Kwa upande wa mabinti, na Dodoma soka la wanawake lina mizizi yake kupitia Fountain Gate Princess, hijabu ya michezo ilikubaliwa rasmi 2014. Iwe nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, isishonewe kwenye jezi. Kitambaa kikiwa cha polista badala ya pamba, kinafanya kazi ya skintaiti ya kichwani, na kichwa kikavu kwenye upepo ule ni mtaji.

Wanaolalamika kwamba haya ni mambo ya wazungu wawaangalie wenzao waliotoka. Mbwana Samatta alitua Genk Januari 2016, katikati ya baridi ya Ubelgiji, akitokea Lubumbashi. Msimu wa 2018/19 alibeba ubingwa na kufunga mabao 23 ya ligi. Thomas Ulimwengu alikwenda Sweden kuichezea Eskilstuna mwaka 2017. Kijana wa Chamwino au Kondoa anayeota njia hiyo ana bahati ambayo wa Dar hana: ana Julai yake ya kujifunzia.

Shabiki naye asijisahau. Yeye ndiye mtu wa kusimama kuliko wote, hakimbii, hapashi, na akishangilia bao anatoka jasho kisha anakaa dakika 40 kwenye zege lililopoa. Kitu cha kukalia, hata gazeti hili likikunjwa mara nne, kinazuia joto lisitoroke kupitia makalio. Kikoti kiwekwe kwenye begi saa nane mchana, wakati kinaonekana kichekesho, kwa sababu saa 12:30 jioni nje ya geti la Jamhuri hakuna anayeuza, na dereva wa bodaboda, ambaye amevaa majaketi mawili na kofia ya sufu chini ya helmeti, hana la kukuazima.